Uzito wa Kichwa Si Nguvu ya Bunduki

"Weka kichwa kizito." Nimelisikia agizo hili kwenye viwanja vya shabaha vya Wyoming, kwenye kaunta za maduka ya bunduki na kwenye meza za kujazia risasi, likitolewa kwa sauti ya mtu asiyetarajia kupingwa. Bunduki inatawanya matundu kwenye karatasi? Weka kichwa kizito. Upepo wa nyika unakusumbua? Weka kichwa kizito. Koyote alipigwa akaondoka na jeraha? Jibu ni lilelile. Naandika kulipinga kwa sababu nimeona linavyoharibu bunduki nzuri, linavyowakatisha tamaa vijana wanaoanza, na linavyowaacha wanyama wakifa polepole kwenye majani makavu.

Kwanza nieleze mazingira, kwa ajili ya msomaji asiyeifahamu kazi hii. Katika majimbo ya nyika ya Marekani, wafugaji na wakulima hukabiliana na wanyama waharibifu. Mmojawapo ni kindi wa mashimo, mnyama asiyezidi sana kilo moja, anayechimba mashimo kwa mamia kwenye malisho. Mwingine ni koyote, mbwa mwitu mdogo anayewavamia kondoo na ndama. Kwa kazi hiyo hutumika bunduki za kaliba ndogo, ambazo vichwa vya risasi zake vina kipenyo cha karibu milimita 5.7: .22 Hornet iliyoingia sokoni mwaka 1930, .220 Swift ya 1935, .222 Remington ya 1950, .223 Remington ya 1964, na .22-250 ambayo Remington iliifanya rasmi mwaka 1965.

Wengi wa wawindaji hawa hujaza risasi wenyewe. Ganda la shaba lililokwisha kupigwa husafishwa, hurudishwa umbo lake kwa mashine ya mkono, hutiwa fataki mpya, hupimiwa baruti kwenye mizani, kisha kichwa kipya hukandamizwa mdomoni mwake. Uzito wa kichwa na wa baruti hupimwa kwa greni, kipimo cha kale. Greni moja ni karibu gramu 0.065. Vichwa vya kaliba hii huanzia chini ya greni 40 na kufika 80 au zaidi. Hapo ndipo ubishi unapoanzia.

Hoja yao, kwa haki

Nisiwaonee wanaotetea uzito. Hoja zao ni nne, nami nitazieleza kama wanavyozieleza wenyewe. Ya kwanza: kichwa kizito na kirefu hukata hewa vizuri, hakipotezi kasi haraka, na hakisukumwi sana na upepo. Ya pili: kizito hupiga kwa nguvu zaidi na hupenya ndani zaidi. Ya tatu: majeshi na walenga shabaha wa mashindano walianza na vichwa vyepesi kwenye kaliba hii, kisha wakahamia vizito, nao ni watu wanaojua wanachofanya. Ya nne ni ya historia: Bell wa Karamoja aliangusha tembo kwa kaliba ndogo yenye vichwa virefu vizito, basi mwindaji wa koyote ana sababu gani ya kuogopa uzito?

Ndani ya kila hoja mna chembe ya ukweli, na ndiyo maana kauli hii imedumu. Lakini kutoka kwenye chembe hizo wamejenga kanuni ya jumla kwamba kizito ni bora, na kanuni hiyo haisimami.

Kwanza: mtutu ndio wenye neno

Ndani ya mtutu wa raifo kuna mifuo iliyojisokota kama uzi wa parafujo. Mifuo hiyo hukizungusha kichwa cha risasi ili kisafiri kikiwa kimetanguliza ncha, kama pia inavyosimama wima kwa sababu inazunguka. Kila mtutu una kiwango chake cha msokoto. Mtutu wa kawaida wa .22 Hornet hukizungusha kichwa mara moja katika kila inchi 16. Swift, .222 na .22-250 za miaka mingi zilitengenezwa na mzunguko mmoja kwa inchi 14. Nyingi za .223 za kuwindia zilizokuja baadaye zina 12 au 9, na bunduki za kijeshi za leo zina 7. Namba ikipungua, mzunguko unaongezeka.

Kichwa kirefu kinahitaji mzunguko mwingi zaidi kuliko kifupi. Alfred George Greenhill, mtaalamu wa hisabati aliyewafundisha maofisa wa mizinga huko Woolwich, Uingereza, alitoa kanuni yake mwaka 1879, na mpaka leo inatosha kwa makadirio: zidisha kipenyo kwa kipenyo, zidisha kwa 150, kisha gawa kwa urefu wa kichwa, vyote vikiwa kwa inchi. Kwa kasi inayozidi takriban mita 850 kwa sekunde, 150 hubadilishwa kuwa 180. Ukiifanya hesabu hiyo kwa kichwa cha milimita 16.5, ambacho ni kama urefu wa kichwa cha kawaida cha greni 50, unapata karibu inchi 14. Ukiifanya kwa kichwa cha milimita 23, ambacho ndicho urefu wa vichwa vingi vya greni 69, unapata inchi 10. Mwenye mtutu wa 14 akitia kichwa hicho, kitatoka kikipepesuka.

Niliyaona haya kwa macho yangu nilipokuwa mgeni wa kazi hii. Muuzaji mmoja aliniuzia sanduku la vichwa vya greni 69 kwa ajili ya .22-250 ya zamani niliyoinunua kwa mkono wa pili. Hakuniuliza msokoto wa mtutu, wala mimi sikujua kwamba kuna la kuuliza. Kwenye mita 100 nilikuta karatasi ina tundu moja la mviringo na mengine marefu kama ya ufunguo, yametapakaa pande zote. Vichwa vilikuwa vinafika ubavu mbele. Nilimaliza wiki mbili nikibadilisha baruti, nikibadilisha fataki, nikikaza skrubu za darubini. Bunduki haikuwa na kosa lolote. Nilipoweka vichwa vya greni 50, matundu matano yalikusanyika mahali ambapo ningeweza kuyafunika kwa kifuniko cha chupa ya soda.

Wanaosema "weka kichwa kizito" bila kuuliza msokoto wanatoa dawa kabla ya kumpima mgonjwa. Hilo pekee lingetosha kuiangusha kanuni yao.

Pili: wanataja uzito, na kinachoamua ni urefu

Tazama kosa lililojificha ndani ya neno lenyewe. Wao huhesabu greni, na mtutu haujui greni. Mtutu unashughulika na urefu wa kichwa. Risasi ya kijeshi ya SS109, iliyobuniwa Ubelgiji na kukubaliwa na NATO mwaka 1980, ina kichwa cha greni 62. Kwa kuwa ndani yake mna kipande cha chuma, ambacho ni chepesi kuliko timbi (madini ya risasi), kichwa hicho kina urefu wa karibu milimita 23, sawa na kichwa cha mashindano cha greni 69. Ndiyo maana kikipigwa kwenye M16 ya zamani yenye msokoto wa inchi 12 hakitulii hewani, na bunduki iliyofuata ililazimika kupewa mtutu mpya wa inchi 7. Vichwa vya leo vya shaba tupu, visivyo na timbi kabisa, ni virefu zaidi kwa uzito uleule. Mtu anayechagua kwa greni peke yake anaweza kununua kichwa "chepesi" kisichotulia, akaacha "kizito" kinachotulia, na asijue sababu.

Hali ya hewa nayo ina neno. Bunduki za kwanza za AR-15 zilikuwa na msokoto wa inchi 14, na kichwa chake kilikuwa cha greni 55 tu. Zilipojaribiwa kwenye baridi kali, hewa nzito ya baridi iliviyumbisha vichwa hivyo, na mwaka 1963 msokoto ukabadilishwa kuwa inchi 12. Zingatia: greni 55, uzito ambao watetezi wa uzito wanauona wa kitoto, ulikuwa tayari unakaribia ukomo wa mtutu ule. Mwindaji wa koyote hutoka hasa wakati wa baridi, manyoya yakiwa mazito. Kichwa kirefu kilichokusanya matundu vizuri mwezi wa Julai, jua likiwa kali na hewa nyepesi, kinaweza kumsaliti Januari theluji ikiwa magotini. Wangapi kati ya wanaomshauri aongeze uzito wamewahi kumwambia hivyo?

Tatu: baruti ina mshahara mmoja

Hoja ya nguvu ndiyo inayowashika wengi, kwa kuwa inaonekana dhahiri: jiwe kubwa huumiza kuliko kokoto. Lakini jiwe na kokoto hurushwa na mkono uleule, na mkono una kikomo chake.

Chukua .223 Remington na risasi za kiwandani. Kichwa cha greni 40, yaani gramu 2.59, hutoka mtutuni kwa takriban mita 1,158 kwa sekunde. Cha greni 55, gramu 3.56, hutoka kwa takriban mita 988. Cha greni 77, gramu 4.99, hutoka kwa takriban mita 838. Fanya hesabu ya nishati, ile tuliyofundishwa sekondari: nusu ya uzito mara kasi mara kasi. Cha kwanza kinabeba takriban jouli 1,740. Cha pili takriban 1,740. Cha tatu takriban 1,750. Uzito umekaribia kuongezeka maradufu, na nishati pale mdomoni haikuongezeka hata kwa asilimia 1.

Sababu si fumbo. Ganda ni lilelile, nafasi ya baruti ni ileile, na ukomo wa mgandamizo ambao chuma kinauhimili ni uleule. Baruti ina mshahara mmoja. Unaweza kuutumia kununua kasi au kununua uzito, lakini mshahara haupandi kwa sababu umebadilisha duka.

Ukinunua uzito, unalipa kwa kushuka kwa risasi. Hata tukiacha upinzani wa hewa, kichwa cha mita 1,158 kwa sekunde hufika mita 200 kikiwa kimeshuka karibu sentimita 15 kutoka kwenye mstari wa mtutu. Kile cha mita 838 huwa kimeshuka karibu sentimita 28. Hewa huziongeza namba zote mbili, ila pengo halifutiki. Kindi wa mashimo ana kiwiliwili chembamba kama kiganja cha mtu, na katika nyika isiyo na mti wala nguzo, kukosea umbali kwa mita 40 ni jambo la kila siku. Kasi humsamehe mwindaji kosa hilo. Uzito haumsamehe.

Halafu kuna teke la bunduki. Kichwa cha greni 77 kwa kasi yake hubeba msukumo unaozidi ule wa greni 40 kwa zaidi ya theluthi moja, na msukumo huo hurudi begani. Kwenye kaliba hii teke si la kuumiza mtu, lakini linatosha kuitoa shabaha ndani ya darubini. Mwindaji wa wanyama wadogo anahitaji kuona risasi ilipotua ili ajisahihishe. Mwenye kuona atajua kama amekosa kushoto au kulia, mwenye kurushwa jicho atabaki kukisia.

Nne: upepo, ukweli ulionyooshwa kupita urefu wake

Hapa nakiri waziwazi: kichwa kirefu kizito hupambana na upepo vizuri zaidi. Swali ni tofauti hiyo ina ukubwa gani katika umbali ambao watu hupiga kweli.

Tuseme upepo wa kilomita 16 kwa saa unavuma kutoka ubavuni. Kwenye mita 200, kwa hesabu za kawaida za mwendo wa risasi, kichwa cha greni 40 husukumwa takriban sentimita 13 au 14, na kile cha greni 77 husukumwa kama sentimita 10. Faida ni takriban sentimita 3. Sasa tuseme mwindaji mwenye kichwa kizito ameusoma upepo vibaya, akadhani ni wa kilomita 8. Amekosea kwa sentimita 5. Kosa la jicho lake limeimeza faida yote ya uzito na kudai zaidi. Kichwa kizito hakisomi upepo kwa niaba ya mtu.

Kwenye mita 400 na kuendelea pengo hupanuka, na hapo anayejua kupiga ana haki ya kuchagua kichwa kirefu, mradi mtutu wake unakikubali. Lakini waulize wanaotoa agizo hili wao wenyewe hupiga umbali gani. Wengi niliokaa nao kwenye nyasi hupiga kati ya mita 100 na 250. Wanalipia kila siku kushuka kwa risasi, teke na kupungua kwa kasi ili wapate faida ya umbali ambao hawaufiki. Ni sawa na mkulima wa ekari mbili kukopa fedha za trekta kubwa kwa sababu huko mbali kuna shamba la ekari elfu.

Tano: askari na mlenga shabaha hawawindi

Hoja ya majeshi na mashindano huletwa kama ushahidi mkuu. Lakini ukiifuata mpaka mwisho, inawageukia.

Mlenga shabaha wa mashindano ya Marekani akitumia .223 kwenye yadi 600 mara nyingi hutumia kichwa cha greni 80. Risasi hiyo ni ndefu kiasi kwamba haiingii kwenye magazini. Huingizwa moja moja kwa mkono, na mtutu unaoipiga umetengenezwa na msokoto wa inchi 8 au 7. Yaani watu hawa walianza kwa kubadilisha mtutu, ndipo wakabadilisha kichwa. Majeshi nayo yalifanya hivyohivyo: kichwa kipya kikaja na mtutu mpya. Hakuna hata mmoja wao aliyechukua bunduki ya inchi 14 kutoka kabatini akaitia kichwa cha greni 77 akitegemea miujiza. Anayewatolea mfano watu hawa amenakili nusu ya walichofanya, na nusu aliyoiacha ndiyo iliyokuwa na maana.

Shabaha yao pia ni nyingine. Karatasi haina uhai. Kichwa cha mashindano hutengenezwa ili kiende mahali kilipotumwa, na kitakachotokea baada ya kugusa hakikufikiriwa. Sierra, watengenezaji wa vichwa vya MatchKing vinavyopendwa sana viwanjani, wenyewe hawavipendekezi kwa uwindaji wa kawaida. Kichwa cha namna hiyo kinaweza kumpita koyote kikiacha tundu jembamba, naye akakimbia kilomita moja akafie kwenye korongo. Kile chepesi chenye ganda jembamba hupasuka ndani ya mwili wa mnyama mdogo na kummaliza papo hapo. Wanaodai uzito kwa jina la huruma, wakaishia kununua vichwa vya kulengea karatasi, wamejipinga wenyewe.

Wapo pia wanaosema kwamba kwa kichwa kizito bunduki ya .22 inageuka kuwa ya kuwindia paa. Sheria za Colorado zinataka kaliba isiyopungua .24 kwa wanyama wakubwa, na za Virginia zinataka .23 kwa paa. Kwenye majimbo hayo, hata uongeze greni ngapi, kipenyo cha mtutu hakibadiliki.

Sita: Bell wa Karamoja hakusema hivyo

Walter Bell, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1880, aliwinda kaskazini mashariki mwa Uganda ya leo mwanzoni mwa karne ya 20, na Karamoja ikawa sehemu ya jina lake. Aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ya Rigby ya milimita 7, yenye vichwa vya greni 173 vilivyofunikwa kwa chuma kote. Simtaji kwa sifa. Pembe za tembo hao ziliondoka kwenye ardhi yetu na hazikurudi. Lakini jina lake linapotumiwa vibaya, sisi wa Afrika Mashariki tuna haki ya kusema.

Bell alichagua kichwa kirefu kwa sababu kati yake na ubongo wa tembo kulikuwa na mfupa mnene. Alihitaji kupenya kwa mstari ulionyooka, na kichwa chake kilipaswa kutopasuka. Mwindaji wa kindi wa mashimo anahitaji kinyume kabisa: kichwa kipasuke mara kinapogusa, ndani ya mnyama mwembamba au kwenye udongo. Tena, risasi ile ya milimita 7 ya Mauser ilibuniwa ikiwa na kichwa kirefu tangu mwanzo, na mitutu yake ilisokotwa mzunguko mmoja kwa kila milimita 220, chini kidogo ya inchi 9, ili kikae sawa. Bell hakuushinda mtutu wake, aliufuata. Na alijifunza fuvu la tembo mpaka akajua ubongo uko wapi kutoka kila upande. Mwenye kumwiga kwa haki ataanza kwa kumjua mnyama wake na mtutu wake, kabla ya kufungua sanduku la vichwa.

Saba: gharama zisizotajwa

Nimeiacha mwisho hoja inayonitia hofu kuliko zote.

Kichwa kizito hakiendi kwenye ganda lilelile kwa kipimo kilekile cha baruti. Kikiwa kizito, huchelewa kuanza kwenda. Kikiwa kirefu, mara nyingi huzama zaidi ndani ya ganda na kuipunguzia baruti nafasi. Yote mawili hupandisha mgandamizo. Kiwango cha juu kilichowekwa na SAAMI, chombo cha viwango cha watengenezaji wa risasi na bunduki wa Marekani, kwa .223 Remington ni pauni 55,000 kwa inchi ya mraba. Hiyo ni zaidi ya mara 1,500 ya upepo ulio ndani ya tairi la gari dogo, na inatokea sentimita chache mbele ya jicho lako. Kila uzito wa kichwa una ukurasa wake kwenye vitabu vya kujazia, una baruti zinazoufaa, na una kipimo cha kuanzia ambacho mtu hupanda kutoka hapo kidogo kidogo. Fataki ikitoka imebapa, au bolti ikiwa ngumu kuinuka, chuma kinakuonya. Anayesema "weka kizito" kwa maneno mawili na kuondoka hakumpa mwenzake hata moja kati ya maonyo haya.

Nilikulia Tabora, na mjomba wangu alikuwa na gobore lililoandikishwa, la kufukuzia nguruwe pori na ngedere shambani. Alishindilia baruti kwa kijiti chenye alama ya kisu, na haikupita alama ile hata siku ya nguruwe mkubwa. Nilimwuliza kwa nini haongezi baruti, au vyuma zaidi, ili lipige kwa nguvu. Akaniambia: "Mpwa wangu, mtutu ndio wenye neno. Sisi tunaomba tu." Pale kijijini palikuwa na mzee aliyepoteza vidole viwili kwa kutoomba. Mjomba hakujua habari za Greenhill wala jouli, lakini alijua kipi kinatangulia.

Gharama nyingine ni majirani. Hakuna risasi iliyo salama inapoikosa shabaha. Hata hivyo, kichwa chepesi chenye ganda jembamba na kasi kubwa kwa kawaida huvunjika vipande kinapopiga udongo. Kile kizito chenye ganda nene kina uwezekano mkubwa zaidi wa kudunda kwenye ardhi kavu au jiwe na kuendelea na safari. Kwenye malisho ya Wyoming, nyuma ya kilima kuna ng'ombe wa mtu, na nyuma ya ng'ombe kuna nyumba.

Nayo gharama ya mwisho ni ya sanaa yenyewe. Mtu hujaza risasi kwa mkono kwa sababu moja kubwa: apate risasi iliyopimwa kwa bunduki yake. Ni kama kushonesha nguo kwa fundi badala ya kununua ya dukani. Anayeuchukua uzito wa kichwa kutoka kwenye bunduki ya mwenzake ameenda kwa fundi na vipimo vya jirani. Atalipa gharama yote ya kushonesha, na nguo haitamkaa.

Hukumu

Uzito wa kichwa ni swali la nne. La kwanza ni mtutu: msokoto wake ni wa inchi ngapi? Usitegemee karatasi za mauzo tu. Shusha kijiti cha kusafishia chenye kitambaa kilichobana, weka alama kwenye kijiti, kivute polepole huku kikizunguka chenyewe, upime ni inchi ngapi mpaka alama irudi juu. La pili ni mnyama: ni mwembamba anayehitaji kichwa kipasukacho, au ni mnene anayehitaji kipenyacho? La tatu ni umbali ambao wewe, kwa jicho na bega lako, hupiga bila kubahatisha. Ukishayajibu hayo matatu kwa ukweli, uzito utakuwa umejichagua wenyewe, na mara nyingi kwa bunduki za zamani za kaliba hii utakuwa kati ya greni 40 na 55.

Kwa ndugu zangu wanaowafundisha vijana kwenye viwanja, nina ombi moja. Kijana akija na karatasi iliyotawanyika matundu, msimpe jibu kabla ya kumwuliza mtutu wake unasemaje. Na kwako kijana: kabla hujatoka kwenda kuwinda, piga risasi tano kwenye karatasi, katika baridi ile utakayowindia, kwa umbali ule utakaopiga. Matundu yakiwa ya mviringo na yamekaa pamoja, nenda. Likiwepo hata moja refu kama la ufunguo, rudi nyumbani; kichwa hicho si cha bunduki yako.